Mlimau Uliopigwa Msasa

Mtaani walimwita Msasa, na jina hilo hakulikataa. Wapaka rangi wengine wakifika kazini hufungua kopo kwanza. Yeye alifungua bahasha ya misasa. Ukuta ataukwangua, ataupiga msasa, ataufuta kwa kitambaa, kisha ataupapasa kwa mgongo wa mkono kama mzazi anayepima homa ya mtoto, na mwisho auambie, "Bado." Akiulizwa kwa nini anajitesa hivyo, alijibu, "Rangi ni mgeni. Mgeni humkaribishi kwenye kiti chenye vumbi." Watani wake walidai kwamba siku ya harusi alimpapasa bibi harusi shavu kwanza, ajue kama poda itashika.

Ufundi huo ulimpa kazi nyingi, lakini haukumpa kitu kimoja alichokitaka kuliko kazi zote: mama mkwe wake amwite "mwanangu."

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Akikutazama unajihisi una mshono uliofumuka mahali fulani. Mkwe wake mwingine, mume wa binti mkubwa, dereva wa lori asiyeweza hata kupigilia msumari ukaingia wima, alishaitwa mwanangu siku nyingi. Msasa aliitwa fundi. "Fundi, karibu chakula." "Fundi, msalimie mwenzio." Kama vile alikuja kupaka dirisha, akaondoka na binti kwa bahati mbaya.

Basi binti mkubwa alipojifungua, mama mkwe akafunga mizigo kwenda kumlea mzazi, na mke wa Msasa akamfuata kumsaidia. Hapo Msasa akaona mlango umeachwa wazi. Ataipaka nyumba ya mama mkwe rangi nje na ndani, bila kuulizwa na bila kulipwa. Mwenye nyumba akirudi na kuona kuta zake zinavyong'aa, neno fundi litamkwama kooni.

Na kweli aliipaka ikapakika. Kila jioni alifika akitoka kwenye kazi zake, na aliyebaki nyumbani, shemeji yake, alimwachia ufunguo na kejeli. Binti huyu, mdogo wa mwisho wa mkewe, alikuwa na kazi kwenye kitalu cha miche ng'ambo ya barabara kuu. Kazi yake ilikuwa kuunga miche ya matunda, kijiti cha mti huu juu ya shina la mti ule, mpaka viwili viwe kimoja. Kucha zake zilikuwa na udongo muda wote, na ulimi wake haukuwa na likizo.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha kushonea. Kilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba, chenye bati la chini na dirisha linalotazamana na jua la alasiri. Kwa haki kingekuwa tanuri. Kilichokiponya ni mlimau uliosimama nje ya dirisha, mpana wa kichwa, uliolipokea jua lote na kuingiza ndani kivuli tu. Mama mkwe aliuita feni yake isiyokula umeme. Hapo ndipo alipokatia vitambaa vya watu bila jasho kuvidondokea.

Kazi ilipokwisha, koponi ilibaki rangi nyeupe kidogo. Msasa akarudi nyuma hatua chache kuitazama nyumba, akaridhika, kisha jicho likamwangukia mlimau. Nyumba imevaa harusi, mti umesimama dirishani na magamba yake kama mtu aliyetoka shamba. Akakumbuka miti ya kwenye maofisi, ile inayovalishwa soksi nyeupe chini. Akasema moyoni, na huu nao tuuvishe.

Mtu mwingine angechovya brashi akapaka, yakaisha. Lakini huyu alikuwa Msasa. Apake juu ya mikwaruzo na vumbi la miaka yote hiyo? Akatoa kikwanguo.

Mvua zilikuwa zimetoka kunyesha, na mti ulikuwa umejaa maji. Gome likaachia kirahisi, likibomoka vipande vidogo vidogo, na chini yake ukatokea weupe laini, unaoteleza, ambao hajawahi kuupata kwenye plasta yoyote duniani. Alifurahi kama mtoto aliyegundua sukari. Akazunguka shina lote, akakwangua mshipi wa upana wa shubiri moja, mwanzo ukakutana na mwisho bila kuacha hata uzi. Kisha akapitisha msasa mkavu, halafu ule laini. Akapapasa kwa mgongo wa mkono. Bado palikuwa na unyevu. Akazoa vipande vya gome ndani ya ndoo yake, akaifunika, akaketi juu yake kungoja pakauke.

Shemeji akaingia uani na mfuko wake begani. Akasimama.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Nani kauvua mti nguo?"

"Mimi. Nauandaa. Kesho utavaa nyeupe."

"Sanda nayo ni nyeupe."

Msasa akacheka, ila akajikuta anacheka peke yake. Shemeji alikuwa amechutama, anazungusha kidole juu ya ule mshipi, taratibu, kama anayetafuta kitu alichodondosha.

"Umezunguka mzima? Hata ukanda mmoja wa gome hukuuacha?"

"Ningeacha ningekuwa fundi gani?"

"Fundi wa mti hai."

Msasa akasimama, akanyanyua kidole kuelekea juu. Majani yalikuwa ya kijani, yanang'aa, na malimau machanga yananing'inia bila wasiwasi. "Hebu tazama. Mwenyewe hana habari."

"Kuku akishachinjwa naye hukimbia uani," shemeji akasema. "Anaonekana mzima mpaka afike kwenye ukuta."

Alimkalisha tena juu ya ndoo, akamweleza. Maji hupanda kwa ndani, alisema, kupitia mbao yenyewe, kwenye vijibomba vyembamba kuliko unywele. Hivyo Msasa hakuvigusa, ndiyo maana majani bado yanacheka. Lakini jiko la mti liko juu, kwenye majani, na kuni zake ni jua. Chakula kikishapikwa kule hakishuki kwa njia ya maji. Kina njia yake, upande wa ndani wa gome.

"Gome lipi?"

"Hilo uliloketi juu yake."

Msasa akainuka akachungulia ndani ya ndoo kama anayechungulia kaburi.

"Na mizizi?" akauliza.

"Mizizi iko gizani, haipiki. Inaishi kwa kuletewa. Sasa itakula akiba yake taratibu, na ikiisha itakufa kwa njaa, huku jikoni juu sufuria zimejaa. Ikifa mizizi, nani atawachotea maji majani? Hapo ndipo mwenyewe atapata habari."

Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya mlimau, na kivuli chake kimelala juu ya cherehani ndani ya chumba. Msasa alivitazama vyote viwili. Alikuja kutafuta neno moja tu la mama mkwe, na sasa alikuwa njiani kulipata jingine ambalo halitamkwi mbele ya watoto.

"Nikiyarudisha haya kwa gundi?"

"Ungekuwa umemenya, tungejaribu. Wewe umekwangua. Hizo ni chenga." Shemeji akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakilowesha kwenye bomba, akauviringishia mti pale palipovuliwa. "Mchuma janga hula na wa kwao. Mama akirudi atakula na mimi niliyekupa ufunguo. Leta ngazi. Tunajenga madaraja."

Alipanda akachagua vijiti vya mwaka jana, vilivyonyooka, vinene kupita penseli kidogo. Aliporudi chini alichana kimoja kwa kisu, akamwonyesha. Nje gome, ndani mbao.

"Sasa pitisha ukucha hapo katikati yao. Unasikia nini?"

"Utelezi."

"Huo utelezi ndio mwenye nyumba. Ni utando mwembamba. Kwa ndani unatengeneza mbao, kwa nje unatengeneza gome. Mti huu wote ulivyonenepa tangu ukiwa mche, umenenepeshwa na utando huo. Mbao ya katikati ni nguzo tu, imesimama inabeba uzito."

"Unene wake?"

"Wewe ndiye mpaka rangi. Niambie."

Msasa akainamisha kijiti kwenye mwanga. Akafumba jicho moja. "Mkono mmoja," akasema, maana mafundi rangi huhesabu hivyo, mkono wa kwanza, mkono wa pili. "Tena wa rangi iliyozimuliwa."

Maisha yake yote aliamini kwamba ukuta ndio kitu, na rangi ni urembo wa kitu. Hapa palikuwa na mti unaobeba upepo, ndege, malimau na watoto wa jirani wanaoiba malimau, na uhai wake wote umetandazwa kama mkono mmoja wa rangi, mahali asipopaona mtu. Na haujapakwa na yeyote. Unajipaka wenyewe, usiku na mchana, ndani na nje kwa wakati mmoja, bila kuacha tone chini. Fundi gani huyo? Na yeye, Msasa, alimfikia fundi huyo kazini kwake akampitishia msasa laini ili amalizie vizuri.

"Usilie," shemeji akasema. "Chonga."

Kila kijiti kilitakiwa kichongwe mshazari ncha zote mbili, kisha ncha ya chini isukumwe chini ya gome lililo chini ya jeraha, na ya juu chini ya gome lililo juu, utelezi ukutane na utelezi. Visipogusana hapo, ni fimbo tu umeegemeza kwenye mti. Na hapa Msasa akawa nyumbani. Mshazari wake ulitoka bapa kama kioo, kwa kisu kimoja, bila kurudia. Shemeji aliukagua akamsogezea kijiti kingine, na kwake hiyo ilikuwa sifa ya kutangazwa.

Kisha akauona mkono wa pili wa Msasa unaingia mfukoni. Akaupiga kofi.

"Nalainisha tu."

"Kisu kimeshalainisha. Msasa unaacha unga, unga unaziba. Uutoe uutupe kule."

Msasa akautoa, akauweka mbali, lakini kwa heshima.

Kijiti cha pili alikipachika mwenyewe. Kilikaa vizuri mno, akajipongeza. Shemeji akakichomoa.

"Umemsimamisha kichwa chini."

"Kijiti kina kichwa?"

"Angalia vijicho vya machipukizi. Vinatazama wapi? Huko ndiko juu. Kinakumbuka kilivyosimama mtini. Wewe ukiningʼinizwa miguu juu halafu uletewe uji, utautunza kinywani?"

Wakapachika vitano kuuzunguka mti. Kila kimoja walikiacha kibinuke kidogo kwa nje kama upinde, ili mti ukiyumba kwa upepo daraja linyooke badala ya kuvunjika. Walivifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Msasa akajitolea puti yake ya kuzibia nyufa, akaambiwa aipeleke ukutani; nyufa zilizibwa kwa nta iliyoyeyushwa. Mwisho wakazungushia gunia kuukinga na jua. Mlimau ukabaki umesimama kama mzee aliyefungwa kiuno baada ya kubeba gunia lisilo lake.

Mama mkwe alirudi mapema kuliko walivyomtarajia. Alishuka na mizigo, akasimama mbele ya nyumba yake, akausogelea ukuta na kuupapasa. Alipapasa kwa mgongo wa mkono. Msasa aliliona hilo na moyo ukamruka.

"Fundi," mama mkwe akasema, "kazi yako nzuri sana."

Fundi. Moyo ukarudi mahali pake.

Kisha macho yale yakahamia kando. "Na huu? Umevunjika kiuno?"

"Wadudu, mama," shemeji akawahi.

"Wadudu wanaofunga gunia mafundo mawili."

Shemeji akamtazama Msasa; Msasa akatazama viatu vyake. Uongo ulikuwa umeshatandikwa, kilichobaki ni kuulalia. Lakini mama mkwe alikuwa ameanza kufungua fundo, polepole, kama anayefumua pindo la mtu mwingine, na Msasa akaona bora afumue mwenyewe.

"Hakuna wadudu, mama. Ni mimi. Nilitaka kuupaka rangi, nikaukwangua kwanza. Nimeukatia njia ya chakula. Shemeji ndiye aliyenionyesha kuuunga."

Gunia likaanguka. Mama mkwe aliuzunguka mti. Alitazama mshipi mweupe, ambao sasa ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Alitazama vijiti, kimoja baada ya kingine.

"Mficha uchi hazai," akasema hatimaye, na haikujulikana anamwambia nani kati ya binti, mkwe na mlimau. "Aliyechonga hivi nani?"

"Mimi, mama."

"Unajua kukata." Akanyanyua gunia akamrudishia. "Lakini kiraka hakisifiwi siku kinaposhonwa. Kinasifiwa nguo ikishafuliwa. Utakuwa unakuja kuuangalia, fundi."

Na fundi hii ilikuwa baridi kuliko zote zilizotangulia.

Kiangazi kikaingia, na nguo ikaanza kufuliwa. Msasa alikuja kila jioni na ovaroli lake lenye madoa, akachutama mbele ya mti kabla hajasalimia watu. Mkewe akasema ameolewa uke wenza na mlimau. Madaraja mawili yalinyauka, yakakauka kama vijiti vya kuchokonolea meno. Majani mengine yakaanguka. Alasiri moja aliona miale ya jua imepenya dirishani mpaka mezani, na mama mkwe akainuka, akaivuta cherehani yake kando, akaketi tena kushona. Msasa angeshukuru kama angetukanwa.

"Unapungua," alimwambia shemeji.

"Unabana matumizi. Wewe mshahara ukipungua huuzi kitu?"

Akamwonyesha. Mchana, joto likizidi, majani yalijikunja kidogo kama viganja vinavyoficha kitu. Upande wa chini wa jani, shemeji alisema, pana vijidomo visivyoonekana kwa macho. Maji yakiwa haba vinafumbwa ili yasitoroke, na juu ya jani pana nta, koti la mvua lililogeuzwa kazi, likizuia maji kutoka badala ya kuingia. Maua mengi mti uliyadondosha wenyewe. Jioni majani yakakunjuka. Hakuna aliyeuambia. Hauna kichwa, hauna mkutano, hauna mwenyekiti, na bado kila sehemu yake ilijua zamu yake. Msasa alikumbuka wafanyakazi wenzake watatu wanaoshindwa kukubaliana nani ashike ngazi.

Siku nyingine alikuta chipukizi limetoka kwenye shina, chini ya jeraha, limesimama wima kwa kiburi. Lilikuwa limeharibu unyoofu wa shina, na vidole vyake vikawasha kuling'oa. Vikawasha sana. Safari hii akauliza kwanza.

"Uling'oe nikung'oe," shemeji akajibu. "Kichwa cha mti kilikuwa kinawazuia hao wa chini wasitoke. Umekata mawasiliano, wametoka. Hilo ni daraja mti umejijengea nusu. Likirefuka, sisi tunamalizia nusu ya juu."

Likarefuka, na Msasa akalichonga ncha na kulipachika chini ya gome la juu kwa mkono ule ule wa kioo. Akiwa hapo akapapasa mdomo wa gome juu ya jeraha. Ulikuwa umevimba mnene, chakula kimerundikana kikingoja njia. Akashusha mkono kwenye madaraja matatu yaliyobaki. Akarudia. Akaita.

"Shemeji, njoo. Vijiti vimenenepa au nimechoka macho?"

Shemeji akaja, akainama. Mipira waliyofungia ilikuwa imezama ndani ya vijiti kama pete kwenye kidole cha mtu aliyenawiri. Alicheka kwa sauti, kicheko ambacho Msasa hajawahi kukisikia kikitoka bila kejeli ndani yake.

"Chakula kinashuka," akasema. "Kinapita hapa, hapa na hapa. Kila siku utando unajipaka mkono mwingine. Sasa mipira inavinyonga. Ikatwe, ila polepole. Kisu changu kikubwa, kitakwaruza."

"Sogeeni."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yao, na mkononi ana kile kichuma kidogo cha kufumulia nyuzi, chenye ncha mbili, ambacho kimefumua mishono ya mtaa mzima bila kuchana kitambaa. Akachutama, goti likalalamika, akaingiza ncha chini ya mpira wa kwanza na kuunyanyua unene wa unywele mmoja, kisha mwingine, mpaka ukakatika wenyewe. Chini yake gome la kijiti lilikuwa zima, la kijani, limeshikana na gome la mti hata usione nani alianza wapi. Mama mkwe alipitisha kidole pale, akarudi, akapitisha tena. Ni fundi wa mishono. Alijua anachokitafuta, na hakukipata.

"Huu haufumuki," akasema taratibu.

Akahamia mpira wa pili. Ulikuwa umekaa vibaya, nyuma, karibu na chipukizi.

"Shika hapa, mwanangu, uvute kidogo."

Msasa akaganda. Shemeji akajifanya anahesabu malimau. Mpira ulikuwa unangoja, mama mkwe anangoja, na Msasa naye alikuwa anangoja kitu, huku masikio yamemwiva.

"Unasemaje, mama?" akauliza kwa upole.

Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Nimesema shika hapa uvute. Au masikio nayo umeyapiga msasa?"